Bi Gundi na Chungu Kilichopaswa Kubaki Vipande

Jarida hili limekuwa kimya tangu mwezi uliopita, nasi tunawaomba wasomaji radhi; hata toleo hili tumelinakili kwa mkono. Mashine ya kuchapia iliharibika, na mtu pekee jengoni awezaye kuunganisha chochote alikuwa ameshikwa na kazi nyingine. Kazi hiyo ndiyo habari yetu.

Tarehe 30 mwezi huu, fundi mkarabati wa makumbusho yetu, maarufu kwa jina la Bi Gundi, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kupangusa makabati ya vioo, akapanda hadi kuongoza karakana. Ameunganisha vinyago, vigoda, ngoma na, siku moja ya mvua, kiatu cha mkurugenzi. Kanuni yake ni moja: fundi akionekana, kazi imeharibika. Hajatia jina lake popote. Hata kikombe chake hakina alama, ndiyo maana sote hukinywea chai.

Mwezi uliopita msanii mmoja alileta kazi yake kwa maonyesho ya sanaa ya leo: chungu cha marehemu bibi yake, alichokivunja kwa makusudi na kuvipanga vipande mezani. Bi Gundi alipoingia asubuhi, aliona mgonjwa. Kufikia jioni chungu kilikuwa kizima.

"Shangazi, umeniharibia kazi," msanii alilalamika.

"Nimekitengeneza, mwanangu. Kuharibu ulianza wewe."

"Kilipokuwa kizima nilikipita kila siku bila kukitazama. Nilipokivunja ndipo nilipomkumbuka bibi."

"Bibi yako alikifinyanga apikie, si akumbukwe."

"Haya, kipikie basi, tuone kama hakitavuja."

Karakana nzima ilicheka, Bi Gundi akiwamo. Lakini msanii hakuishia hapo. Alisema chungu hicho si cha bibi tena: udongo ni wa jana, gundi ni ya leo, na aliyevunja na aliyeunganisha wote wamekibadilisha. Basi kionyeshwe kilivyo, kwa majina mawili. Bi Gundi akikataa kutia lake, yeye msanii atakivunja upya, kwa kuwa hawezi kuita yake kazi isiyo yake peke yake.

Sisi tuliodhani mapokeo ni kitu kilichotulia kabatini tulikuna vichwa. Kumbe kila kilichotufikia kimepita mikononi mwa mtu, na mtu huyo hakukiacha kama alivyokikuta.

Bi Gundi, ambaye hajawahi kukosa jibu, ameomba muda.

Mama, ahsante kwa yote uliyoturudishia yakiwa mazima. Nenda ukapumzike, ulale hadi jua liwe utosini, na afya isikupungukie. Kibao cha chungu kina jina moja na nafasi tupu chini yake. Mezani pamewekwa kalamu, na kando yake nyundo. Utakaposhika mojawapo, tutawaandikia wasomaji siku hiyohiyo, mradi uitazame kwanza ile mashine.