Kibogoyo Aandikwe Kitabuni

Sogeeni, wanangu, na wewe kitindamimba acha kunipepea, mimi si jiko. Pumzi niliyobaki nayo inatosha jambo moja tu, nalo linanichoma kuliko hizi mbavu.

Mnamjua Bwana Harusi, kondoo dume wangu, mwenye pembe za kifahari na akili za ndoo. Mnamjua na Kibogoyo, dume wa baba yenu mdogo, asiye na jino, magoti kama mafundo ya kamba. Mwaka ule ua unaotutenga na kwake ulipoanguka, kondoo wangu wakazaa watoto kumi na mmoja wenye sufu ambayo zizi hili halijawahi kuiona. Baba yenu mdogo akaja akicheka: "Kaka, hao ni wa Kibogoyo." Nikamwita mwongo mbele ya watu, pale joshoni, mifugo ikiogeshwa. Nikaapa kwamba Kibogoyo akizaa, nitanyonyesha mimi. Akageuka, na huu mwaka wa tatu hajakanyaga hapa. Nami nikaandika kwenye kitabu cha ukoo wa kondoo, kwa wino: baba, Bwana Harusi.

Daktari wa mifugo alipopita kuchukua damu ya kondoo, kwetu na kwa baba yenu mdogo, nilifurahi, nikijua nitamzima kwa cheti. Barua ikaja. Kumbe damu ya kondoo ina alama zake, na mtoto hawezi kuwa na alama ambayo mama hana na baba hana. Wale kumi na mmoja wote wanayo moja ambayo mama zao hawana. Bwana Harusi hana. Kibogoyo anayo. Barua hiyo nimeilalia miezi mitatu chini ya godoro. Ndiyo inayoniuma mgongo, si baridi.

Binti yangu mkubwa, shika kalamu. Usichane ukurasa. Kata jina, andika Kibogoyo, watu waone nilipokosea. Na wewe kaka yake, yule dume uliyemleta juzi awapande majike wa wale kumi na mmoja, naye ni mwana wa Kibogoyo. Mtenge leo hii, hao ni dada zake. Kisha mpelekeeni baba yenu mdogo kitabu, achague kondoo watano kati yao, yeye kwanza. Mwambieni nilijaribu kunyonyesha, maziwa hayakutoka. Anisamehe.

Bwana Harusi msimchinje. Yeye hakuandika chochote.

Mungu awape mifugo mizito… na midomo myepesi kuomba radhi, si kama huu wangu.

Umeandika? Nisomee. Tena… kwa sauti, mama. Na hilo dirisha la upande wa baba yenu mdogo… lifungueni, asikie.