Abbasi Mabruki na Ukuta wa Ng'ambo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Abbasi Mabruki wa Ng'ambo, hapa Tabora, aliyetutoka Alhamisi. Alikuwa fundi mwashi. Fundi mwashi, na mcheza mpira wa vibao, ule unaopigwa kwa vibao vya mbao, asiyeogopa ukuta.

Uwanja wa mchezo huo watu wa Ng'ambo waliujenga wenyewe kwa kujitolea, mwaka 1967. Wavu katikati, kuta pande zote. Mpira wa kuanzia ulidunda chini, ukagonga ukuta wa pembeni, ukachepuka. Wengi waliuparamia kabla haujafika ukutani, wakaishia kupiga hewa. Abbasi aliupa wavu mgongo, akangoja. Mpira ulipotoka ukutani ndipo alipourudisha, bila papara.

Lipu ya ukuta ule aliipiga yeye, mwezi wa Ramadhani. Siku moja aliharakisha kuwahi futari, akapunja saruji. Kipande kimoja kikabaki laini. Mpira ukikigonga haurudi, unaanguka papo hapo.

Mwaka 1969, uwanjani hapo hapo, akapambana na Lugembe wa Nzega. Mshindi angekwenda Dar es Salaam, kwenye michezo ya Sabasaba. Abbasi alikuwa hajavuka Kigwa, hapa jirani tu, maishani mwake, na Dar aliitamani mno. Mkewe, Bi Swaumu, alishampigia pasi nguo za safari.

Kabla ya mchezo, Abbasi alimshika Lugembe mkono, akampeleka ukutani.

"Ndugu yangu, hapa pabovu. Usije ukasema hukuambiwa."

Walikwenda bega kwa bega mpaka pointi ya mwisho. Lugembe akaanzisha. Mpira ukadunda, ukaelekea palepale pabovu. Abbasi akauona, akaukimbilia, akachelewa kwa hatua moja. Mpira ukaanguka papo hapo, Lugembe akashinda.

Bi Swaumu anasimulia: "Nilimkasirikia, wallahi. Nikamuuliza, baba watoto, ulimwonyesha ya nini? Akasema, 'Lipu niliipiga mimi. Mwenzangu angejuaje?' Siku ya safari akaenda stesheni kumbebea Lugembe sanduku. Nikalia. Yeye ndiye aliyenibembeleza."

Baadaye alialikwa Dar mara mbili, kazi zikambana. Hakufika Dar, wasikilizaji wapendwa. Hakufika mpaka anafumba macho.

Bi Swaumu, watoto na wajukuu, poleni sana. Tumempenda mzee wenu, na Mwenyezi Mungu amrehemu. Nawe unayenisikiliza, ungekuwa wewe, na safari unaitaka hivyo, ungemwonyesha?