Mzee Kibwana na Kingo za Picha Tulizozikata

Mzee Kibwana Likwata, fundi mitambo wa ukumbi wetu wa sinema hapa Lindi, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na tatu ya kazi. Niliahidi kuandika wasifu wa furaha tupu. Nimeshindwa, bado mshtuko haujanitoka.

Alizaliwa Mitwero, akaanza kazi mwaka 1992 akibeba mikanda ya filamu begani. Dijitali ilipoingia tulidhani itamshinda. Wapi! Aliumudu mtambo kwa wiki mbili. Tulipojigamba kwa mtambo mpya wa 4K, wa picha kali kuliko yote, akatukata maini: filamu iliyorekodiwa chenga, mtambo huo utawaonyesha chenga zilizonona.

Sasa aibu yetu. Filamu nyingi ni pana kuliko pazia letu la kuonyeshea, hivyo picha ikionyeshwa nzima hubaki mistari minene myeusi juu na chini. Watazamaji walilalamika kwamba tunawapunja pazia. Mzee Kibwana alieleza hadi sauti ikakauka: ukiikuza picha ijae, unaikata pembeni, sawa na kukata pindo la kanga. Mwaka 2019 mimi, msimamizi wake, nilimwandikia barua ya onyo na kumwamuru ajaze pazia. Akatii. Barua ikabaki jaladani, ikamnyima cheo cha fundi mkuu.

Mwezi Mei mwaka huu tulionyesha filamu fupi ya mavuno ya ufuta wa Likawage. Wanakijiji walikuja na lori, mchana kweupe, wajione. Ilipoisha, akasimama Katarina, binti wa marehemu Bi Marietha. Alikuja kumwona tu mama yake, aliyerekodiwa kabla hajafariki.

"Samahani wakubwa. Mama alisimama mwisho kabisa, mkono wa kulia, ana ungo. Nilikuwapo wakipiga picha. Mmempeleka wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Kibwana hakuniomba ruhusa. Aliirudisha picha kwenye upana wake, mistari myeusi ikarudi, akaianza filamu upya. Na pale ukingoni, kulia, akatokea Bi Marietha akipepeta ufuta na kucheka. Katarina alipiga ukelele. Hakuna aliyelalamikia weusi.

Miaka sita! Tumewakata akina mama wangapi wengine, jamani? Swali hilo linaninyima raha mpaka leo.

Barua ile nimeitoa jaladani nikataka kuichana mbele ya wafanyakazi wote. Mzee Kibwana amenikatalia. Ameiomba akaitundike sebuleni kwake Mitwero, nzima, pembe zote nne.

Mzee wangu, nisamehe, na ahsante kwa kila picha. Cheo nilichokunyima siwezi tena kukupa. Mwenyezi Mungu akujaalie mapumziko marefu na mapana, wala asitokee msimamizi wa kuyapunguza pembeni.

Clemence Ignasi
Msimamizi wa Ukumbi