Historia ya Mama Yetu, Aliyeikosoa Ramani Yake Mwenyewe

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mtoto wake wa mwisho, na tarehe ninazozisoma nimezihakiki kwenye vyeti vyake.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuguzi, akaanza shule ya msingi mwaka 1973, akaendelea na sekondari, na mwaka 1990 akahitimu shahada ya jiografia, mwanamke pekee darasani. Tarehe 1 Julai 1991 aliajiriwa idara ya ramani ya jiji, chumba namba 6, akafunga ndoa na baba yetu, fundi umeme, tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa watoto watatu.

Alipima joto la mitaa kwa picha za setilaiti, ili jiji lijue pa kupanda miti na kuvuta maji. Mei 2017 ripoti yake ilisema mtaa wa mabati una nafuu kuliko yote, nao ukaondolewa kwenye mpango. Oktoba alimtembelea mama mkubwa, dada yake anayeishi huko, akamkuta amelowa jasho, kipimajoto chumbani kikasoma nyuzi 41, ndipo akatambua kosa lake: bati jipya linalong'aa hutoa mionzi michache ya joto hata likiwa linaunguza, setilaiti ikaliona la baridi, na watu chini yake wanaiva. Kwa wiki sita alipima vyumba 112, akaandika kwamba amekosea, akaomba ripoti yake ifutwe. Mkuu wake akamwambia, "Mama, setilaiti haina dada huko mtaani." Akamjibu, "Ndiyo maana ilikosea."

Alihamishiwa stoo ya makabrasha, na kila Mei aliandika barua upya, saba kwa jumla, zote bila majibu. Jana ofisi ilituomba tusiisome sehemu hii. Nimeisoma.

Tarehe 9 Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa mara tatu, barua ya saba akaiandikia wodini, akafariki Jumanne tarehe 20 Agosti, saa mbili na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka 58.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, majirani mliotuletea viti na maji, wenzake wawili waliotumia likizo yao kubeba vipimajoto, na wakazi wa mtaa wa mabati mliomfungulia milango. Barua ya nane, tuliyoiandika sisi wanawe, iko kwenye meza ya rambirambi, kalamu za kutia sahihi zipo, na mkuu wa idara, ambaye yuko nasi hapa, atakabidhiwa kabla hatujaondoka.

Pumzika kwa amani, Mama, ramani tutaisahihisha sisi.