Kama Angetile Alijua

Benchi la mbele ya duka la Kheri, pale Ipinda, lina miguu mitatu na tofali, na kila anayelikalia anajua upande wake. Kheri, ambaye babu zake walitoka Pwani, huuza viungo na kuchemsha kahawa. Kwa kuwa hukata kila shauri, wanamwita Jaji. Aliko wa bodaboda ni Redio. Gwamaka ni Sufuria, maana hakuna harusi wala msiba asiopika, na halipwi. Ezra, mstaafu aliyefundisha fasihi, ni Mwalimu tu. Jumamosi ile alikuja kunywa kahawa kama kawaida, ingawa kesho yake ilikuwa ibada ya kumbukumbu ya mkewe, Angetile. Mwaka ulikuwa umetimia.

— Mwalimu, kesho sipiki mpaka uniambie, alisema Gwamaka. Mama Angetile alijua au hakujua?

Kesi yenyewe ilikuwa kongwe. Zamani, mwaka ambao mafuriko yalimlaza na njaa, Gwamaka aliiba gunia la mchele ghalani kwa Angetile. Lakini mchele wa Kyela ukiwa jikoni haujifichi. Harufu ilipita migombani, na wa kwanza kufika alikuwa Angetile mwenyewe, mkungu wa ndizi kichwani. Alidhani kuna shughuli, au alijifanya. Akaketi, akala, akasifu, akawaita majirani. Gwamaka akapakua hadi mwiko ukakwangua chini. Hakuiba tena. Akawa mpishi wa watu. Baadaye alilisimulia benchi, nalo likaapa, Ezra akiwemo, kutomfikishia Angetile.

— Alijua, alisema Kheri akimimina kahawa. Alikuja kukusanya ushahidi. Kila tonge lilikuwa kielelezo.

— Ndaga, Jaji, alishukuru Aliko akipokea kikombe, ila hapo umechemka. Mama alijua kabla hajaibiwa. Mlango wa ghala ulifungwa na nini?

— Kamba, alisema Gwamaka.

— Mnasikia? Mchele wa Kyela unafungwa kwa kamba kama mbuzi. Huo mtego, mzee wangu. Kwaya yake ya kina mama haikuwa na mpishi. Akakuchagua.

— Basi aliyeibiwa ni Sufuria, alisema Kheri. Gunia moja, na mtu kapuliza moto mpaka mvi. Mama ana hatia.

Wakacheka, na Ezra akacheka nao. Ndivyo walivyokuwa wakicheka Angetile alipopita na kikapu, wakanyamaza ghafla, naye akawauliza, “Mnanisengenya tena?” kisha akaenda zake bila kungoja jibu. Darasani Ezra alizoea kusema kwamba mhusika hubadilika anapopewa asichostahili. Hakuwahi kujiuliza kama mtoaji lazima ajue alichotoa.

— Mimi sicheki, alisema Gwamaka. Kama alijua, alinisamehe, na kesho nampikia mtu aliyenijua. Kama hakujua, miaka yote hiyo alikuwa akimsalimia mtu mwingine. Wewe ndiye mumewe. Siku ile alirudi akasemaje?

— Alisema una mkono mzuri, ila chumvi ilipungua.

— Na gunia?

— Hakulitaja. Hata siku moja.

— Basi alijua, alisema Aliko.

— Au hakuwa na kawaida ya kuhesabu magunia, alisema Ezra.

Angeweza kusema alijua. Neno moja tu, na uso ule ungetulia. Lakini akianza kumtungia Angetile maneno, itafika siku asijue tena yapi yalikuwa ya mkewe kweli.

— Sijui, Gwamaka.

Prisca, binti aliyefungua kibanda cha vocha hapo jirani wiki ile, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake.

— Samahani, wazee wangu. Huyo mama alikuwa akiishi mbali?

— Mbali wapi, alisema Kheri. Nyumba ile yenye bati jekundu. Alipita hapa kila siku.

— Sasa kwa nini hamkumuuliza?

Kheri aliinua birika, likatoa matone mawili yenye mashapo. Aliko akainamia pikipiki yake kana kwamba ina hitilafu. Kiapo kile kingefutwa kwa neno moja la Gwamaka, wala hakuna aliyewahi kuliomba. Kesi ilikuwa tamu, na yule wa kuimaliza alikuwa akipita na kikapu, asubuhi anakwenda, jioni anarudi.

— Tulidhani yupo siku zote, alisema Ezra.

Prisca akaitazama ile nyumba, akasahau kudai kahawa. Gwamaka naye aliitazama. Kisha akasimama, akakung'uta suruali.

— Kuni zipo, Mwalimu?

— Zipo.

— Kavu?

— Kavu.

— Basi nitakuja kabla jua halijatoka.

Akavuka barabara, akaelekea kanisani kuazima sufuria kubwa.