Historia ya Baba Yetu, Mpanga Herufi, na Jina Alilolibandika kwa Gundi

Wazee wetu, mama zetu, majirani, wafanyakazi wenzake Baba wa zamani, na ninyi vijana wa kundi la mchezo mliokaa kule nyuma, ambao wengi wenu tunawaona leo kwa mara ya kwanza, familia imenituma mimi, kitindamimba, niwasomee maisha ya Baba yetu, nami naomba mnivumilie, kwa sababu nikiogopa husoma mbio, na mwanangu amepakatwa na dada hapo mbele, akilia mtaniona nageuka, lakini nitaendelea.

Baba alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, katika nyumba ya kupanga nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa fundi saa na mkewe, na waliomjua utotoni wanasema alikuwa na maneno machache na mikono isiyotulia, maana hakuna saa ya mteja iliyolala mezani kwa babu bila yeye kuifungua aone ndani kuna nini.

Alianza shule mwaka 1964, akamaliza shule ya msingi mwaka 1971, akaingia sekondari akasoma miaka miwili, ndipo macho ya babu yakaharibika, na fundi saa asiyeona ni fundi wa nini tena, hivyo Baba akaacha masomo akatafute kazi, wala hakuwahi kulalamika, ila sisi wanawe kila tulipomaliza sekondari alichukua cheti akakibandika ukutani sebuleni kwa gundi, juu ya rangi moja kwa moja, na mpaka leo havibanduki, ukitaka kuombea kazi inabidi uje na mwajiri nyumbani.

Mwezi Januari 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapishaji hapa mjini, kwanza akiwa mfagizi, kazi yake ikiwa kuokota herufi za madini ya risasi zilizoanguka sakafuni na kuirudisha kila moja kwenye kijumba chake, na mwaka 1977 akapandishwa akawa mpanga herufi, kazi ya kusoma maneno yakiwa yamegeuka, ndiyo maana sisi hatukuweza kumficha matokeo ya shule, unaishika karatasi mbele yako, yeye amekaa upande wa pili wa meza anakunywa chai, ameshaisoma kichwa chini na anakuuliza hesabu imekuwaje.

Hapo kiwandani alikutana na mchoraji wa vibandiko vya sabuni na maboksi ya viberiti, ambaye wote mnamjua kwa jina la Penseli, kwa sababu ya ile iliyokaa sikioni mwake saa zote, watu walisema hata akioga haitoki, na sisi watoto tulilelewa kumwita Baba Mdogo, naye yupo hapa, mstari wa pili, mwenye shati jeupe.

Tarehe 17 Desemba 1983 Baba alifunga ndoa na Mama, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu mwaka 1985, dada mwaka 1990, na mimi mwaka 2001, wakati walipokuwa wameshagawa nguo zote za watoto.

Sasa niwaeleze ule mchezo, kwa sababu kuna wazee hapa wanajiuliza hawa vijana wenye madadu mifukoni ni akina nani. Umeme ulipokatika kiwandani mashine zilisimama, na Baba na Penseli walikaa juu ya marobota ya karatasi wakatungiana hadithi ya mji wenye daraja moja, mmoja anakuwa msimulizi, mwingine anakuwa mtu anayetaka kuvuka, anasema atafanya nini, dadu linarushwa, likikubali anapita, likikataa anatafuta njia nyingine, na polepole wenzao wakajisogeza, huyu akawa mwizi wa mbuzi, yule akawa mjane mwenye upanga, mpaka msimamizi akawa anakasirika umeme unaporudi. Kutokana na hayo wakaandika kitabu, Mlinzi wa Daraja, maneno ya Baba, picha za Penseli, na hadithi wakagawana nusu kwa nusu, na mwenye kiwanda akakubali kukichapa mwezi Machi 1989, nakala elfu moja.

Aliyepanga herufi za ukurasa wa kwanza alikuwa Baba mwenyewe, na alikuwa amepanga mistari miwili, jina lake na jina la Penseli, lakini mwenye kiwanda akaja akasema mchoraji ni kibarua wa kutwa, jina lake la nini, toa mstari huo, tutauweka toleo la pili, na Baba, aliyekuwa na mke, mtoto na mama mgonjwa, akautoa kwa vidole vyake. Penseli alipopewa nakala yake aliufungua ukurasa ule, akautazama, akasema neno moja tu ambalo Baba alitusimulia mara nyingi mpaka tukalijua kama letu: "Ukurasa mzima huu, nafasi ya mstari mmoja imekosekana?" Akakifunga kitabu, na miaka minne hakukanyaga nyumbani kwetu.

Toleo la pili halikuja, mwaka 1993 kiwanda kilifungwa, kitabu kikaisha madukani, na kabla mashine hazijauzwa Baba aliomba ruhusa, akapanga mstari mmoja unaosema picha zote na nusu ya hadithi ni za Penseli, akauchapa kwenye vipande vya karatasi vilivyobaki, na tangu hapo akawa anatembea na chupa ya gundi mfuko wa shati, anaingia maktaba za shule, maduka ya vitabu vilivyotumika, nyumba za watu, akikiona kitabu anabandika. Mama husema wanawake wengine waliolewa na mtu, yeye aliolewa na mtu na gundi, na kuna jirani mmoja hapa anakumbuka Baba alikaribishwa chai, akainuka, akafungua kabati la wenyewe kana kwamba ni la kwake. Kipande cha kwanza kabisa alikibandika kwenye nakala ya Penseli mwenyewe, na Penseli alikitazama akasema, "Umekibandika upande," kisha akakaa mpaka chakula kikaiva, na urafiki ukarudi, na Baba hakukinyoosha kile kipande, na vingine vyote baada ya hapo alivibandika upande vilevile.

Kuanzia mwaka 1994 alikuwa msahihishaji katika gazeti mpaka alipostaafu mwaka 2016, na miaka yote hiyo watu walimwomba ruhusa ya kukinakili kile kitabu naye alikataa, hata kaka, mwenye duka la fotokopi, hakuruhusiwa ukurasa mmoja, Baba alisema kitabu ni cha watu wawili, nikiruhusu peke yangu nimemwibia mwenzangu mara ya pili.

Mwezi Februari 2023 Baba alianza kuugua figo, akawa mtu wa kwenda hospitali na kurudi, mimi nikiwa naye kwa sababu nilikuwa nyumbani na ujauzito, na siku moja nikamwonyesha kwenye simu kundi la watu wanaocheza michezo ya namna hiyo, wanaulizana nani ana Mlinzi wa Daraja, mmoja anasema alikicheza shuleni na hajapata kitu kama kile tena, na Baba akacheka mpaka akakohoa, na mwezi Mei mwaka huu akaniambia haya, kipige picha uwape, lakini kwanza nenda kamuulize Baba Mdogo wako, na ile karatasi ya jina lake iwe ya kwanza.

Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu sitaweza kurudia. Sikwenda. Nilipiga simu mara moja haikupokelewa, mtoto alikuwa na homa, nikasema moyoni atakataaje, kitabu chenyewe hakichapwi tena, nikakiona kama kitu kisicho na mwenyewe. Nilikipiga picha mezani jikoni, na kwenye nakala ya Baba kile kipande kilikuwa kimegeuka rangi, kimekaa upande, kimefunika neno daraja, nikaona kinachafua, nikakibandua taratibu kwa mvuke wa birika nipate ukurasa safi, nikakiweka ndani ya kadi ya kliniki ya mwanangu nikijua nitakipiga picha baadaye, nikatuma. Kufika jioni kitabu kilikuwa kimeshasambaa, watu wananishukuru, wananiita binti wa daraja, na jina la Penseli halimo.

Nilitaka kurekebisha, Mungu ananiona, lakini siku iliyofuata kijana mmoja wa kundi anayesomea sheria akaandika kwamba kitabu kuisha madukani hakuondoi hakimiliki, kwamba kina wenyewe na warithi wao, na aliyekisambaza bila ruhusa ya wote anaweza kushtakiwa, nami nikajiona nimesimama mahakamani na mtoto mgongoni, nikatoka kwenye kundi, nikazima simu, nikanyamaza. Wala sikumwambia Baba. Wiki yake ya mwisho wodini aliniuliza, sauti ikiwa imebaki kidogo tu, "Ile karatasi ni ya kwanza?" Nikamjibu, "Ndiyo, Baba." Akafumba macho akiwa ameridhika, na mimi nikakaa nimeshika mkono wake, natamani aniulize tena, hakuuliza tena. Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Juzi nilimwambia Mama. Hakunifokea, alikata uzi wa nguo aliyokuwa akishona, akasema, "Basi historia utaisoma wewe." Jana nilifika mpaka mlangoni kwako, Baba Mdogo, wakaniambia umelala, na nilifurahi kusikia umelala, hilo nalo nakiri. Nimeogopa sheria, lakini kumbe niliyepaswa kumwogopa ni wewe, maana simu yako ni ya vitufe, hukuwa na namna ya kujua, mwenye kitabu asiyejua kuwa jina lake limetolewa tena. Baba alilitoa kwa kulazimishwa, mimi nimelitoa ili ukurasa upendeze.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo waliomhudumia Baba hata alipokuwa akiwasahihisha tahajia kwenye faili lake, majirani mliotuletea maji na viti bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa kiwandani na wa gazetini, na ninyi wa kundi mliosoma tangazo la msiba gazetini mkasafiri, hamkumjua sura lakini mmekuja.

Haki ya Baba katika kitabu sasa ni ya Mama na sisi watoto, na kwa pamoja tumekubaliana kwamba neno la mwisho ni lako, Baba Mdogo, ukisema kiondolewe nitarudi kwenye kundi kwa jina langu niombe kila mtu akifute, najua si wote watafuta, lakini nitaomba, na ukisema kibaki kitabaki kwa namna utakayotaka. Wakati tunakusubiri, kaka amechapa vipande vya karatasi dukani kwake, mstari uleule, viko kwenye meza ya mlangoni pamoja na gundi, na kama una nakala iliyotokana na picha zangu, naomba usitoke nayo hivihivi. Msihangaike kunyoosha.

Kipande chenyewe cha Baba ninacho mkononi, na nakala yake iko hapa mbele, ukurasa wa kwanza uko wazi, sitakirudisha mimi, nakuachia wewe, Baba Mdogo, ukitaka.

Lala salama, Baba, pumzika sasa. Uliniuliza, nikakujibu ndiyo, na haikuwa kweli. Watu wanapopanga foleni pale mlangoni, niulize tena.