Kabla ya Kugawa Bunduki Nane

Mgeni rasmi, Naibu Kamishna wetu, Chifu, wachungaji na makatekista, wazazi na majirani:

KARIBU

Sisi wakulima wa chai wa Nyacheki tunakukaribisha hapa kwenye kituo chetu cha kununulia chai. Tumeona gari lako likisukumwa pale darajani, kwa hivyo kuhusu barabara hatutakuchosha.

TULIKOTOKA

Miaka minne iliyopita ng'ombe waliibwa hapa hata mchana. Tulilia, Serikali ikatusikia, na majirani zetu sita wakaapishwa kuwa polisi wa akiba. Mmoja wao ni Mose Onchiri, seremala. Alifunzwa kwa siku mbili, akalenga shabaha mara tatu, kisha akapewa bunduki aende nayo nyumbani. Aliiweka juu ya kabati la vyombo, maana hakuwa na mahali pengine. Tulishangilia. Wizi ulipungua kweli, na ni haki tuseme hivyo.

YALIYOTUPATA

Mwaka jana mwezi wa Aprili, saa kumi alasiri, mvua ilikuwa ikinyesha na ukungu umefunika chai yote. Mtamba wa jirani yetu Walter Nyabuto alikata kamba akatoroka. Walter alimfuata, akampata, akakatiza naye shambani ili afike nyumbani kwa mkewe Loice upesi. Mtu akapiga yowe: "Ng'ombe anapelekwa!" Mose akatoka mbio na bunduki. Aliita, "Simama!" lakini kwa ile mvua Walter hakusikia. Mose akafyatua mara moja.

Aliposogea ndipo alipomtambua. Walisoma darasa moja, na Walter ndiye aliyemsimamia Mose siku ya harusi yake. Akambeba mgongoni kuelekea barabarani, na wengine wetu tulikuwa tukikimbia kando yao. Tulisikia Walter akiuliza, "Mose, nani amenipiga?"

"Ni mimi, ndugu yangu."

Walter akasema, "Basi mwambie Loice amfunge huyo ng'ombe vizuri."

Hatukufika naye hospitalini.

Kesho yake Mose alirudisha bunduki kituoni. Uchunguzi ukasema alikuwa kazini. Wale wenzake watano nao wakarudisha zao, mmoja baada ya mwingine.

TULIYOJARIBU

Tuliunda zamu za ulinzi kwa filimbi na tochi, na kila boma likaandikwa namba ya simu ya jirani. Kwa miezi saba tulilala vizuri. Januari mwaka huu, watu wenye bunduki waliingia kwa Loice, mjane wa Walter, wakaondoka na ng'ombe wake wote wawili.

TULIPOTOFAUTIANA

Tuliposikia kwamba unaleta bunduki nane, na kwamba jina la kwanza kwenye orodha ni la Mose, tuliitana mkutano. Mose alisimama akasema, "Mimi siitaki. Hata mkinifunga, siichukui."

Tulidhani Loice atamuunga mkono. Badala yake akamgeukia. "Wewe ukikataa, mimi nitalindwa na nani? Nilipuliza filimbi, wezi wakanicheka."

Eucabeth, mke wa Mose, alikuwa akilia. Ndipo Loice akaongeza kwa sauti ya chini, "Sijasema wakupe wewe. Sitaki mtu yeyote apewe kitu kama hicho baada ya mafunzo ya siku mbili."

Tulipiga kura, na wanaotaka bunduki na wasiozitaka wakawa karibu sawa. Kwa hivyo, mgeni wetu, usiambiwe kwamba Nyacheki ina sauti moja. Hatuna.

TUNAYOOMBA

Haya ndiyo tuliyokubaliana sote. Bunduki hizi zisigawiwe leo. Atakayepewa afunzwe kwa miezi, na kabla ya hapo majirani waulizwe kuhusu hasira zake na pombe yake. Mke wake aulizwe pia, tena akiwa peke yake. Silaha zikae kituoni katika kabati la chuma, zitolewe kwa sahihi na zirudi kwa sahihi. Tunaomba pia mshauri wa kuzungumza na mtu aliyeua bila kukusudia. Mose hajagusa randa yake ya useremala tangu siku ile, na hakuna ofisa aliyewahi kumuuliza analalaje.

Lipo ombi moja lingine. Loice alipofuatilia fidia, alionyeshwa ripoti. Ndani yake mume wake ameandikwa "mshukiwa wa wizi wa mifugo". Watoto wake wamekwisha kusikia neno hilo shuleni. Mose mwenyewe amekwenda mara nne kueleza kwamba si kweli, akajibiwa kwamba faili imefungwa. Tumeambatisha barua inayosema Walter alikufa akirudisha ng'ombe wake mwenyewe. Ina sahihi mbili, ya Loice na ya Mose. Walizitia siku moja, kwenye meza moja.

Mgeni rasmi, tunajua mengine yatahitaji vikao na bajeti. Hili la kurekebisha ripoti linahitaji kalamu. Ukirudi ofisini, tafadhali anza nalo.

Mungu akufikishe salama, aibariki kazi ya mikono yako, na awafariji wote waliofiwa kwa risasi, pamoja na wale waliozifyatua wakajuta.

Ni sisi,
Wakulima wa Chai wa Nyacheki

Imesomwa kwa niaba yao na Tryphosa Kemunto, katibu.